Fyuzi Kwanza, Betri Baadaye

Kwa miaka mingi mvuvi wa dagaa katika Ziwa Nyasa aliitegemea karabai. Taa hiyo ilikula mafuta ya taa, kioo chake kilipasuka kwa matone ya maji, na mwenyewe alilazimika kuipiga pampu mara kwa mara ili mwanga usififie. Baadaye zikaja taa ndogo za umeme zenye mwanga mkali, nazo zikahitaji betri. Betri ya risasi na asidi, yaani ile ya gari, ikachukuliwa kuwa mkombozi. Lakini ni nzito, na huchakaa haraka ikizoea kutumiwa mpaka ikauke kabisa. Ndiyo sababu leo betri ya lithiamu inapendwa kote Afrika Mashariki, na mafundi wengi wameanza kuiunda wenyewe kwa seli mpya zilizoagizwa kutoka nje au kwa seli kuukuu zilizotolewa katika kompyuta za mkononi.

Hapana budi kusema tangu mwanzo kwamba jambo hilo ni la maendeleo. Kijiji kama Kihagara, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbinga mwaka 2012, kina haja ya umeme wa kuhifadhiwa. Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na nguzo zimeendelea kusogezwa vijijini. Hata hivyo nguzo hazisimami ziwani, na nyumba iliyo mbali na njia kuu itasubiri zamu yake. Mwenye kuunda betri yake kwa mikono yake hastahili kubezwa. Linalostahili kujadiliwa ni mpangilio wa kazi yake: kwanza hununua seli, kisha inveta, kisha nyaya, na mwishowe, kama kuna chenji iliyobaki, hutafuta fyuzi yoyote iliyo karibu. Makala haya yanashikilia kwamba mpangilio huo umepinduliwa, na kwamba fyuzi ndiyo ingepasa kuchaguliwa kwanza.

Sababu ya kwanza imo ndani ya seli yenyewe. Kila betri ina ukinzani wa ndani, yaani kizuizi cha asili kinachopunguza kasi ya mkondo. Betri ya gari ina ukinzani wa kutosha kiasi kwamba, ncha zake zikigusana kwa bahati mbaya, mkondo wake kwa kawaida hufikia ampea elfu moja au mbili hivi. Huo ni mkondo wa kutisha, lakini ni mdogo ukilinganishwa na wa lithiamu. Tuseme fundi ameunganisha kwa mfuatano seli 4 kubwa za lithiamu na fosfeti ya chuma, kila moja ikiwa ya volti 3.2 na ampea-saa 280. Betri hiyo ni ya volti 12.8, na huhifadhi nishati ya wati-saa 3,584. Ukinzani wa kila seli ni karibu robo ya miliomu. Seli 4 zina miliomu 1. Nyaya na viungio, vikiwa vimekazwa vizuri, vinaweza kuongeza miliomu 1 nyingine. Gawanya volti 12.8 kwa omu 0.002, jibu ni ampea 6,400.

Yafaa msomaji atafakari maana ya tarakimu hiyo. Ampea 6,400 kwa volti 12.8 ni wati zipatazo 82,000, sawa na pasi 82 za umeme za wati 1,000 zikiwaka kwa pamoja ndani ya sanduku linaloweza kubebwa na mtu mmoja. Waya hubadilika kuwa mwekundu kabla mwenye nyumba hajageuka kutazama. Ajabu ni kwamba watu wengi huiogopa njia ya volti 230 inayoingia nyumbani, na wala hawaiogopi betri ya volti 12 kwa kuwa haiwapigi shoti wanapoigusa. Ni kweli volti 12 hazimuui mtu kwa kumgusa. Zinaweza kumuunguzia nyumba akiwa amelala.

Sababu ya pili inahusu kazi ya fyuzi. Fundi wengi wakiulizwa fyuzi ni nini watajibu kuwa ni waya mwembamba unaoyeyuka mkondo ukizidi. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Kuyeyuka ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuuzima mkondo baada ya waya kuyeyuka. Pengo linapofunguka, umeme hauachi kupita mara moja. Hewa na mvuke wa metali katika pengo hilo hupata joto kali na kugeuka kuwa kipitishi, na daraja la moto huunganisha ncha mbili za waya uliokatika. Wataalamu huliita daraja hilo tao la umeme.

Katika umeme wa majumbani, ambao ni mkondo geu, tao hupata mpinzani wa asili. Mkondo huo hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, na katika kila sifuri tao hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri ni mkondo mnyoofu, hauna sifuri. Tao likishawaka litaendelea kuwaka mpaka pengo liwe refu mno, au mpaka kitu fulani kilipoze. Kwa hiyo fyuzi inayofanya kazi barabara katika ukuta wa nyumba huweza kushindwa kabisa katika betri, hata kama ampea zilizoandikwa juu yake ni zilezile.

Kutokana na hayo, fyuzi ya betri hupimwa kwa tarakimu tatu, na upungufu wa moja hauwezi kufidiwa na wingi wa nyingine. Ya kwanza ni ampea zake za kawaida. Ya pili ni volti za mkondo mnyoofu ambazo imejengwa kuzihimili. Ya tatu, ambayo wanunuzi wengi hawaiulizi, ni uwezo wa kukata, yaani mkondo mkubwa kabisa ambao fyuzi inaweza kuuzima bila kupasuka. Kwa betri iliyotajwa hapo juu, uwezo wa kukata sharti uzidi ampea 6,400.

Kwa kipimo hicho, tazama fyuzi zilizoko madukani. Fyuzi ndogo ya kioo, ile ya redio, kwa kanuni za kimataifa daraja lake la chini huhitajiwa kukata ampea 35 tu, au mara 10 ya ampea zake, kwa kutegemea ipi ni kubwa. Kuiweka peke yake mbele ya ampea 6,400 ni sawa na kuzuia lori kwa kamba ya katani. Fyuzi bapa ya plastiki ya magari kwa kawaida ni ya volti 32 na uwezo wa kukata ampea 1,000. Hiyo yafaa kulinda waya wa taa ulio mbali kidogo na betri, baada ya fyuzi kuu. Haifai kuwa fyuzi kuu. Fyuzi bapa kubwa za kufungwa kwa boliti, zinazouzwa pamoja na vipaza sauti vya magari, zikiwa za kiwanda kinachoaminika huandikwa ampea 6,000 kwa volti 32: bado hazifikii hesabu yetu. Ziko pia fyuzi za mchemraba, zinazokaa juu ya ncha ya betri yenyewe. Hizo hukata ampea 10,000 katika volti 14, lakini katika volti 58 uwezo huo hushuka hadi ampea 2,000. Mfano huo wadhihirisha kwamba uwezo wa kukata hupungua kadiri volti zinavyopanda, na kwamba fyuzi inayofaa betri ya volti 12 yaweza kuwa hatari katika betri ya volti 48.

Fyuzi zinazotosha kwa betri kubwa ni zile ambazo ndani yake zimejazwa mchanga. Waya unapoyeyuka, mchanga hunyonya joto la tao, huyeyuka na kugeuka kama kioo, na tao hufa. Miongoni mwake ni fyuzi za daraja T, ambazo kwa mkondo mnyoofu huandikwa uwezo wa ampea 20,000 katika volti 125. Hizo si rahisi kupatikana mikoani. Lakini iko aina nyingine ambayo mafundi wa umeme nchini wanaijua tangu zamani: fyuzi ya kauri yenye visu viwili, ya aina inayofungwa katika masanduku ya kugawia umeme na kwenye transfoma za mitaani. Nyingi za aina hiyo, mbali na volti za mkondo geu, huandikwa pia kiwango cha mkondo mnyoofu, mathalani volti 250. Mnunuzi na asome ubavu wa fyuzi kabla ya kulipa. Ikiwa hakuna maandishi ya mkondo mnyoofu, wala muuzaji hana karatasi ya kiwanda inayoeleza, aiache dukani.

Baada ya uwezo wa kukata ndipo hufuata hesabu ya ampea. Hapa pia liko kosa la kawaida: kudhani kwamba fyuzi huwekwa ili kukilinda kifaa. Fyuzi kuu hulinda waya. Chukua inveta ya wati 1,000 inayopoteza sehemu moja katika kumi ya umeme wake kama joto. Betri ikikaribia kuisha, volti zake huwa 11. Gawanya 1,000 kwa 0.9, kisha kwa 11: mkondo ni ampea 101. Kwa kuwa fyuzi haipaswi kufanya kazi ukingoni mwa uwezo wake saa zote, zidisha kwa 1.25, jibu ni ampea 126. Kiwango kinachofuata madukani huwa 150 au 160. Waya nao sharti uweze kuchukua zaidi ya fyuzi hiyo bila kupata moto, na kwa hesabu hii waya wa shaba wa milimita mraba 50 hautakuwa anasa. Mwenye waya mwembamba hana ruhusa ya kuweka fyuzi nene. Ama abadilishe waya, ama apunguze inveta.

Aidha, yafaa ieleweke kuwa fyuzi si mlinzi mwenye macho makali. Kwa viwango vya kimataifa, fyuzi ya kauri ya ampea 100 ya matumizi ya kawaida haitakiwi kukatika kwa ampea 125 hata kwa saa 2, na inahitajiwa tu kukatika ndani ya saa 2 mkondo ukifika ampea 160. Ndiyo maana waya unaolingana kabisa na fyuzi, pasipo akiba yoyote, huweza kuchemka taratibu huku fyuzi ikiwa nzima.

Kwa mvuvi hesabu ni nyepesi zaidi. Taa 4 za wati 20 kila moja ni wati 80; kwa volti 12.8 ni ampea 6.25. Zidisha kwa 1.25, utapata 7.8, na fyuzi ya ampea 10 itatosha kwa njia ya taa, nyuma ya fyuzi kuu iliyoko kwenye betri. Hatari ya mtumbwi huanzia penginepo: maji hushika kutu viungio, mawimbi hulegeza boliti, na kiungio kilicholegea hupata joto na kuikata fyuzi isiyo na kosa. Usiku wa manane, samaki wakiwa wamekusanyika, mvuvi asiye na fyuzi ya akiba hufanya kile ambacho kila mtu hukifanya: hutwaa kipande cha waya na kukipachika mahali pa fyuzi.

Mhandisi Mwingereza William Preece alichunguza katika miaka ya 1880 jinsi waya unavyoyeyuka kwa umeme, na kanuni yake bado hutumiwa kwa makadirio. Kwa waya wa shaba, chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 80. Waya mmoja mzima wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, una kipenyo cha milimita 1.38. Kwa kanuni hiyo huyeyuka karibu na ampea 130. Basi aliyeondoa fyuzi ya ampea 10 na kuweka kipande hicho amejipatia fyuzi ya ampea 130, na sasa waya mwembamba wa taa ndio utakaoungua kwanza. Fyuzi mbili za akiba zilizofungwa katika mfuko wa plastiki ni vifaa vya uvuvi kama zilivyo kasia na nyavu.

Mahali pa kuweka fyuzi kuu pia pana kanuni yake. Sharti iwe karibu na ncha chanya kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya ncha na fyuzi hakina mlinzi. Betri mbili au tatu zikiunganishwa sambamba, kila moja iwe na fyuzi yake. Kwa maana moja ikipata hitilafu, wenzake huimiminia umeme wao wote. Kwa anayetumia seli kuukuu za kompyuta, hatari hiyo hushuka mpaka kwenye seli moja moja. Safu ya seli 80 zilizounganishwa sambamba ikiwa na seli moja mbovu, seli 79 humshambulia huyo mgonjwa. Gari la Tesla Roadster, lililoanza kuuzwa mwaka 2008, lilikuwa na seli 6,831, na kila seli ilikuwa na fyuzi yake. Fundi wa kijijini aweza kufuata kanuni hiyohiyo kwa kuunganisha kila seli kwa waya mwembamba: waya wa shaba wa kipenyo cha milimita 0.16 huyeyuka karibu na ampea 5, ilhali seli katika kazi ya kawaida haitoi zaidi ya ampea 1 au 2.

Wapo watakaojibu kwamba maelezo yote haya ni ya zamani, kwani betri za leo huwa na kibao cha ulinzi chenye kukata umeme chenyewe. Kibao hicho ni cha lazima. Ndicho kinachozuia seli kujazwa kupita kiasi, jambo ambalo fyuzi haliwezi. Na mwenye kununua fyuzi akaacha kibao atakuwa amefanya kosa lililo sawa na lile linalopingwa hapa. Lakini kibao hukata umeme kwa transista, na transista ikizidiwa nguvu mara nyingi huharibika huku ikiendelea kupitisha umeme. Mlinzi anayeweza kufa mlango ukiwa wazi anahitaji mlinzi wa pili. Wala fyuzi na kibao kwa pamoja havitoi kinga kamili: seli yenye kasoro ndani yake yaweza kuwaka bila mkondo wowote kupita nje. Kwa sababu hiyo seli zilizovimba au zilizotobolewa zisitumiwe, na betri isiwekwe katika chumba cha kulala, maana moshi wake una sumu.

Wengine, hasa walio maofisini, watasema dawa ni kupiga marufuku betri za kuundwa mitaani. Rai hiyo ina nia njema na matokeo mabaya. Marufuku haitaondoa haja ya mwanga. Itaiondoa kazi hiyo mbele ya macho ya watu na kuipeleka uani, ambako hakuna wa kuikagua. Ipo njia bora. Vyuo vya VETA vinaweza kuongeza katika mafunzo ya umeme somo la mkondo mnyoofu, kwa kuwa fundi aliyefundishwa mkondo geu pekee huingia katika kazi ya betri na mazoea yasiyofaa. Shirika la Viwango linaweza kutaka kila sanduku la seli kubwa liandikwe, kwa Kiswahili, mkondo wa shoti unaotarajiwa na uwezo wa kukata unaohitajika. Waagizaji wanaweza kuuza seli na fyuzi yake kwa pamoja. Na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vilivyoko kwenye fukwe, ambavyo vimezoea kutazama nyavu, vinaweza kufundishwa kutazama sanduku la betri pia.

Watu wa Ruvuma hawahitaji kuhubiriwa thamani ya kinga isiyoonekana faida yake kila siku. Katika milima ya Mbinga, Wamatengo wamelima kwa ngolo tangu enzi za mababu, wakichimba mashimo mteremkoni ambayo wakati wa kiangazi humwonekania mgeni kuwa ni jasho lililopotea. Mvua kubwa ikinyesha ndipo mgeni huelewa kwa nini udongo umebaki mahali pake. Fyuzi nayo hukaa kimya miaka mingi, na kazi yake yote hufanyika katika sehemu ndogo ya sekunde.

Kwa hiyo mwananchi anayekusudia kuunda betri aanze na karatasi na kalamu. Aandike volti, ukinzani wa seli na mkondo wa shoti. Atafute fyuzi inayouweza mkondo huo. Kisha achague waya, na mwishowe anunue seli. Fedha zikipungua, asubiri msimu mwingine wa dagaa au wa kahawa. Asiye na fedha za fyuzi hajawa bado na fedha za betri.